Kipupwe Kilipotukuta Nje

Mzungu akikusimulia utoto wake hakosi kutaja theluji. Sisi tuliokulia Taru, Kwale ya bara, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, theluji tuliiona kwenye kalenda za ukutani tu. Lakini mtu asituambie hatuijui baridi.

Kipupwe chetu huingia Juni kikaondoka Agosti. Miezi hiyo jua huwa limeegemea kaskazini, na upepo wa kusi hutujia kutoka upande wa dunia ambako ni majira ya baridi hasa. Wavuvi wa Msambweni huuogopa kwa kuwa unachafua bahari. Kwetu Taru hakuna bahari ya kuchafuka. Kuna nyika na mibuyu, na ardhi inayopoa upesi usiku. Alfajiri mtoto huamka meno yakigongana.

Hata hivyo tulitolewa nje, leso ya mama imefungwa shingoni. Haukuwa ukatili. Ndani mlikuwa na moshi wa kuni, na mbuzi hawaendi malishoni mpaka umande ukauke. Kwa hiyo kila asubuhi tulipata kama saa moja isiyokuwa na mwenyewe, nasi tuliila yote.

Tulikimbilia miambani. Mawe ya Taru ni mashuhuri kwa mashimo yake ya maumbile yanayohifadhi maji ya mvua, yaitwayo ngurunga. Misafara ya karne ya 19 iliyavizia kama lulu, na Joseph Thomson alikatiza nyika hiyo mwaka 1883. Sisi habari za Thomson hatukuwa nazo. Tulichotaka ni ule upande wa mwamba unaopigwa na jua kwanza. Mlijipanga mgongo ukigusa jiwe, wa pembeni wakasukuma kwa mabega kuelekea katikati, hadi mmoja akachomoka kama kokwa ya embe na kwenda mwisho wa mstari. Baada ya raundi tano hakuna aliyekumbuka baridi.

Kisha malishoni. Tulicheza bano, na aliyeshindwa alikwenda kuwarudisha mbuzi waliokwisha kuingia shamba la watu. Garimoshi la mizigo likipita tulihesabu mabehewa, tukabishana hadi jioni. Barabarani tulikatazwa kabisa, kwani lami hukaa na joto la mchana na mbuzi hupenda kujilaza hapo. Malori ya Uganda hayangojei mbuzi, sembuse mtoto.

Leo, katika nyumba nyingi za mjini, Julai ikifika madirisha hufungwa na watoto huwekwa mbele ya runinga. "Atapata nimonia," mama husema. Hofu hiyo naielewa, maana ugonjwa huo huua watoto. Lakini nimonia huletwa na vijidudu, na Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya aina mojawapo mwaka 2011. Chumba kilichofungwa, chenye watu wengi na moshi wa jiko, kina hatari kuliko uwanja wenye upepo. Mvalishe sweta, mama, umfungulie mlango.

Nisije nikadhaniwa naisifu nyika kupita kiasi, niseme na hili. Toka mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za nchi, Kinango ikiwemo. Ngurunga zikikauka, ile saa ya kusubiri umande hufutika. Umande wenyewe hakuna, na mtoto yuko njiani na dumu. Wa mjini amefungiwa na wazazi wake, wa Taru amenyang'anywa mchezo na kiu. Huyu wa pili hatumfungulii kwa ufunguo. Anahitaji maji karibu na kwao, na hilo ni la kuwauliza wanaokuja kuomba kura.

Je, kwenu kipupwe mlicheza nini? Mwenye kuujua mchezo wa mwambani kwa jina lake na atuandikie, maana sisi tuliuita "sukuma" tu.