Capablanca Mbele ya Hujuma ya Marshall

Wako walimu wa sataranji ambao, kabla mwanafunzi hajajua kumlinda mfalme wake, humpa orodha ndefu ya funguzi aihifadhi kwa moyo. Nami huona wanamdhulumu, kwa sababu anayejua tu yale aliyohifadhi huduwaa siku mpinzani atakapomtolea jambo geni.

Ushahidi wangu ni mchezo wa mashindano ya New York, Oktoba 1918, kati ya José Raúl Capablanca wa Kuba na Frank Marshall wa Marekani. Capablanca, mwenye kete nyeupe, alishika njia ya Ruy López, yule kasisi wa Hispania wa karne ya 16, na mambo yakaenda kama ilivyo ada hata hatua ya nane, ambapo Marshall, badala ya kujihami, alimsukuma askari wake mpaka d5, akawa radhi kumtoa kafara askari wa e5 ili njia za kumwendea mfalme mweupe ziwe wazi. Hadithi kwamba aliificha silaha hiyo miaka kadha wa kadha siitegemei. Yatosha kwamba alikuwa ameitayarisha nyumbani, na Capablanca alilitambua hilo, kama alivyokiri baadaye, lakini heshima yake haikumruhusu kukimbia.

Akamla askari, na hujuma ikashuka: farasi akarukia g4, malkia akasimama h4, na hatua ya 15 farasi yule yule akavamia f2. Capablanca hakumgusa, aliisogeza ngome yake e2 kwa utulivu, kisha, malkia mweusi alipokwisha kupenya mpaka safu ya mwisho, akamtembeza mfalme wake hadi d3, katikati ya ubao, na kutoka hapo hadi c2, hali farasi wake wa b1 hajaondoka kwao mpaka hatua ya 32. Hakuna kitabu kilichomfundisha hayo. Hatua ya 36 alikuwa ameshinda.

Wala ufunguzi huo wa Marshall wenyewe haukuwa mbovu, kwani gwiji wa sataranji Spassky aliutumia dhidi ya gwiji mwenzake Tal mwaka 1965, na mabingwa wangali wakiucheza. Basi nawasihi walimu: upangeni mchezo huu ubaoni, muufikishe pale farasi mweusi alipovamia f2, mzifiche hatua zifuatazo, kisha mwacheni mwanafunzi akae na kufikiri kwa kadiri apendavyo.