Kosa ni la Pateni, si la Mwili

Wenzangu wa chama, katika kipindi chetu cha ushonaji tumezoea kugawana pateni moja ya blauzi ya kitenge na kuikatia hata vitambaa vya kuvutika tunavyonunua hapa London. Naona tuache. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alishona fulana kwa pateni hiyo, ikamning'inia kama gunia, naye akalaumu umbo lake. Kumbe kosa lilikuwa la karatasi.

Kitenge hakivutiki, ndiyo maana tunaongeza sentimita kadhaa ili mvaaji apumue. Kitambaa cha kuvutika hutaka kinyume: mwenye kifua cha sentimita 90 anaweza kukata fulana ya kubana kwa 81, na ikamkaa vizuri. Lakini vitambaa havilingani. Pima sentimita 10, vuta bila kulazimisha, kisha achia uone kama kinarudi. Kikifika 15, kinavutika kwa asilimia 50. Kikiishia 12, usipunguze kiasi hicho. Tena shona kwa zigizaga, maana mshono ulionyooka hukatika ukivutwa.

Napendekeza kabla ya usiku wa utamaduni kila mmoja apimwe na achore pateni yake mwenyewe. Karatasi nitaleta mimi. Asiwepo tena wa kulaumu mwili wake.