Kuhudhuria si Kukubali

Wananchi wenzetu wa Fizi na Baraka, wafanya kazi wa migodi, wavuvi, wakulima, akina mama wa soko, na ninyi vijana mnaoingia mashimoni Misisi, Lubichako na Nyange! Leo tunataka kusema nanyi juu ya karatasi moja. Si karatasi ya kodi wala karatasi ya kura. Ni ile yenye mistari inayopitishwa mkono kwa mkono kila mkutano unapofanyika. Ninyi mnaandika majina yenu na namba za simu, na asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole. Wenyewe wanaiita orodha ya waliohudhuria. Sisi twasema kwamba karatasi hiyo imekuwa mtego, na yafaa watu wauone mtego kabla hawajaukanyaga tena.

Sisi tunaoandika haya ni makarani. Kazi yetu ni daftari, mizani na faili. Twajua jinsi karatasi inavyozaliwa, inavyotembea, na jinsi inavyopotea. Basi sikilizeni jambo tuliloliona kwa macho yetu.

Mwaka mmoja tuliitwa kuandika muhtasari katika mkutano wa kijiji. Wageni walifika na magari matatu, saa tano za mchana, wakati watu wengi wako shambani na wachimbaji wako chini ya ardhi. Walisema Kifaransa kwa muda mrefu, na mkalimani akafupisha maneno ya nusu saa kwa maneno ya dakika mbili. Ramani ikabandikwa ukutani, na mstari mwekundu ulipita juu ya mashamba ya muhogo na michikichi. Mzee mmoja akasimama, akauliza: "Makaburi ya baba zetu yako ndani ya mstari huo au nje yake?" Akaambiwa kwamba swali lake ni zuri na litajibiwa baadaye. Mama mmoja akauliza maji ya mto yatakuwaje. Akajibiwa vilevile. Kisha zikaja chupa za soda, ikaja nauli kidogo, ikaja na ile karatasi ya mistari. Kila mtu akaandika jina lake, maana hakuna soda bila jina.

Majuma machache baadaye tulipewa kazi ya kupanga faili lenyewe. Muhtasari wetu haukuwamo. Swali la mzee halikuwamo, wala la yule mama. Lakini orodha ya majina ilikuwamo, imebanwa nyuma ya barua ya Kifaransa iliyosema kwamba wakazi wa kijiji walishauriwa na wametoa ridhaa yao. Ridhaa gani? Siku ile neno hilo halikutamkwa na mtu hata mmoja. Hatutaji jina la kampuni wala la ofisi, kwa kuwa mchezo huu si wa mtu mmoja. Wala hatujitoi katika lawama. Sisi tulilipanga faili lile, tukalifunga kwa uzi, tukanyamaza. Leo hatunyamazi.

Ndugu zetu, mchezo huu haukuanza jana. Wazee watakumbuka. Katika Desemba 1957 Bula Matari aliwaita wanaume wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville wapige kura za komini, na mwaka 1958 ikawa zamu ya miji mingine, Bukavu ikiwamo. Kura zile hazikuitwa uchaguzi. Ziliitwa "consultations", yaani kuuliza watu shauri. Wanawake hawakuulizwa kabisa. Wanaume walichagua, lakini juu ya maburgumesta wote akawekwa burgumesta wa kwanza, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Tena mwaka huo wa 1958 Ubelgiji iliunda Kundi la Kazi la kuchunguza Kongo iendeshwe namna gani siku za mbele. Katika wajumbe wa kundi hilo hakuwamo Mkongo hata mmoja. Walikuja, wakauliza maswali, wakaandika, wakarudi kwao. Kwa sababu hiyo watu wa Lumumba na wengine walipiga kelele. Walisema: mtu hawezi kuulizwa juu ya nyumba yake kama mgeni, halafu wageni ndio waamue. Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Je, kuuliza huku kwa namna ya Bula Matari nako kumeondoka?

Tazameni sheria zetu wenyewe, ambazo wakubwa hawapendi zisomwe kwa sauti. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya watu wengi pamoja, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Maana yake shamba la babu yako lisilo na hati lina ulinzi. Hakuna anayeweza kulichukua ila kwa manufaa ya umma, na kwa malipo ya haki yanayotolewa kwanza. Kifungu cha 58 kinasema kwamba Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi wa wazi mbele ya watu kabla ya kazi yoyote inayoweza kuharibu mazingira. Tena inaeleza kwa nini: kuwapa watu habari, kujua ni nani mwenye haki juu ya eneo, na kukusanya maoni yao pamoja na mapendekezo yao ya kupinga. Someni tena, wananchi: mapendekezo ya kupinga! Sheria yenyewe inatazamia kwamba mtu anaweza kusimama akasema hapana. Basi hiyo hapana inaandikwa wapi katika karatasi ya mistari? Haina nafasi yake. Iko nafasi ya jina, ya kazi, ya simu na ya sahihi, basi.

Sasa tufanye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaweka mrabaha wa asilimia 3.5 juu ya dhahabu ya kampuni yenye kibali cha kuchimba. Katika mrabaha huo asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya mkoa, 15 ya sekta, mji au komini inakochimbwa dhahabu, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali ya hayo, kampuni lazima itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Tena iko ile wanayoiita "cahier des charges", daftari la ahadi, ambamo kampuni inapatana na wenyeji juu ya shule, maji, barabara na zahanati.

Kwa mfano, kampuni ikiuza dhahabu ya dola 10,000,000, mrabaha ni dola 350,000. Fungu la sekta ni dola 52,500, na fungu la maendeleo ni dola 30,000. Jumla dola 82,500 zinazotakiwa zijulikane na kila mtu, kutoka mchimbaji hadi muuza ndagala. Sasa twauliza: ni mkutano gani uliohudhuria wewe ambapo hesabu kama hii iliandikwa ubaoni? Mnaulizwa shauri juu ya rangi ya mlango wa zahanati, lakini fedha za zahanati hamuonyeshwi.

Wengine watasema: haya ni mambo ya migodi tu. Sivyo. Tazameni mpango wa miji. Kwa amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 13 Juni 2013 Baraka iliitwa mji. Ni jambo la heshima, na sisi hatulikatai. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka mji uwe na baraza lake na sekta iwe na baraza lake, la watu waliochaguliwa. Uchaguzi wa madiwani wa komini uliofanyika tarehe 20 Desemba 2023 uliishia katika miji mikuu ya mikoa. Baraka haikuwamo. Sekta zetu nne, yaani Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, hazikuwamo. Basi atakayechora barabara, atakayehamisha soko, atakayekata viwanja kando ya ziwa, anajibu kwa nani? Anajibu kwa yule aliyemweka. Sisi tunaitwa kuja kupiga makofi.

Amri hiyo hiyo ya 2013 ilitaja Minembwe kuwa komini. Sisi hapa hatuamui ugomvi wa mlima ule, maana damu imekwisha kumwagika ya kutosha na kalamu haifai kuongeza. Twasema jambo moja tu. Tarehe 28 Septemba 2020 burgumesta alisimikwa mbele ya waziri aliyetoka Kinshasa. Tarehe 8 Oktoba 2020, siku kumi baadaye, Rais akasema huko Goma kwamba anafuta yaliyofanyika. Anayeipenda komini ile na anayeichukia, wote wawili walipata habari kutoka juu. Kitu kilichojengwa bila watu kukaa pamoja na kusemezana, kinabomolewa vilevile, na wanaobaki na hofu ni majirani. Ndiyo hasara ya kutouliza: watu wananyimwa uamuzi, kisha wanaachiwa uadui.

Zipo sababu tatu ambazo wakubwa hutupa. Ya kwanza, watu hawakusoma, watafahamu nini juu ya ramani? Twajibu: mkulima ndiye anayejua mto unafika wapi wakati wa masika, na mchimbaji ndiye anayejua ardhi inaporomoka wapi. Aliyechora mstari mwekundu hakulala hapa hata usiku mmoja. Ya pili, kuuliza watu kunachelewesha maendeleo. Twajibu kwa methali ambayo mji wetu umebeba neno lake: haraka haraka haina baraka. Ya tatu, ni wakati wa vita, subirini amani. Tangu M23 walipouteka Bukavu katika Februari 2025 neno hili limekuwa wimbo. Lakini dhahabu haikuambiwa isubiri. Kinachoambiwa kisubiri ni haki ya raia peke yake.

Hata hivyo, wananchi, tusiwalaumu wakubwa tukajisahau. Nani huuza jina lake kwa chupa ya soda? Ni sisi. Nani humwambia mama mwenye swali akae chini asituaibishe mbele ya wageni? Ni sisi. Shefu anayepokea bahasha usiku ni ndugu yetu, na karani anayefunga faili ni sisi wenyewe. Tena tunagawanyika: Mbembe anamtazama Mbuyu, Mbuyu anamtazama Munyamulenge, wote wanamtazama aliyekuja juzi kutafuta dhahabu. Mstari mwekundu wa ramani hauulizi kabila la shamba. Unapita tu.

Basi, tunataka mambo haya, na tunaomba kila kijiji, kila shimo na kila kata ya mji iyatake pamoja nasi.

Kwanza, habari ya mradi ifike siku 30 kabla ya mkutano, kwa Kiswahili na kwa Kibembe na kwa lugha nyingine za mahali, isomwe kwa sauti kanisani, msikitini, sokoni na mlangoni mwa migodi.

Pili, mkutano ufanywe saa ambayo wachimbaji wametoka chini na akina mama wametoka shambani, na mama apewe neno kama baba.

Tatu, orodha ziwe mbili. Ya kwanza ni ya waliofika. Ya pili ni ya waliokubali na waliokataa, na sababu zao. Juu ya ile ya kwanza yaandikwe kwa herufi kubwa maneno haya: KUHUDHURIA SI KUKUBALI. Kama wageni hawataki kuyaandika, yaandike wewe mwenyewe kando ya jina lako. Kalamu ni ile ile.

Nne, muhtasari usomwe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika, na nakala ibaki kijijini, isiende yote na gari.

Tano, fedha za asilimia 15 na za asilimia 0.3 zibandikwe kila mwaka kwenye mlango wa ofisi ya sekta na ya mji: zilizoingia, zilizotoka, na kazi zilizofanywa.

Sita, uchaguzi wa mabaraza ya mji na ya sekta ufanyike, ili tupate watu wetu wa kuwauliza na kuwaondoa.

Na ninyi makarani wenzetu wa migodi na wa ofisi, neno la mwisho ni lenu. Mnajua ni muhtasari gani ulitolewa katika faili na ni nani aliyeutoa. Wekeni nakala. Msiandike ridhaa mahali ambapo hapakuwa na ridhaa. Mshahara wa mwezi huisha kabla ya mwezi kwisha, lakini mstari mwekundu ukishapigwa sahihi, wajukuu wataukuta.

Yule mzee aliyeuliza juu ya makaburi hajajibiwa hata leo. Mkutano ujao tutauliza swali lake tena, na safari hii tutauliza sote.