Simu Zetu Ziko Wazi: Tusidanganywe na VPN ya Bure



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa karakana aliitwa ofisini. Akaulizwa kwa nini alizungumza na Chama dakika arobaini katika zamu ya usiku. Siku na saa vilikuwa vimeandikwa. Nani aliwaambia? Hakuna. Alipiga simu ya intaneti kwa Wi-Fi ya kazini, na simu ile ilikwenda wazi kama mkaa juu ya behewa lisilo na turubai. Mwenye mtandao aweza kuona inakwenda wapi, na akipenda aweza kuyasikiliza maneno yenyewe.

Sasa kuna watu watuambiao: "Wekeni VPN ya bure, shauri limekwisha." Sisi twasema halijakwisha hata kidogo.

Sisi watu wa reli twajua lakiri ni nini. Behewa likifungwa lakiri Mombasa, likafunguliwa Voi, na mizigo ikaendelea wazi mpaka Nairobi, je, mwenye mali atasema mali yake ilikuwa salama njia nzima? VPN ndivyo ilivyo. Huyageuza maneno kuwa fumbo kutoka simu yako mpaka mashine ya mwenye VPN. Hapo katikati mwenye Wi-Fi haambulii kitu, na hiyo ni faida kweli. Lakini kwenye mashine ile lakiri hukatwa, na simu huendelea kama ilivyokuwa. Basi jicho halikuondolewa, limehamishwa tu.

Na huyo atoaye VPN ya bure, anakula nini? Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure ati ya kuwalinda. Kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu walizotumia. Mwaka 2019 iliondolewa, na Julai 2023 korti ya Australia ikazitoza kampuni mbili za ukoo huo faini ya dola milioni 20 za nchi ile. Wenye kondoo wajihadhari na mchungaji asiyetaka mshahara.

Tena, simu yenyewe ikiwa imeharibiwa, VPN haifai kitu. Mei 2019 ilijulikana kwamba programu ya kijasusi, Pegasus, iliweza kuingizwa ndani ya simu kwa kupigiwa tu kwa WhatsApp, hata usipojibu. Na simu uliyopewa na mwajiri ni ya mwajiri. Akiwa ameweka programu yake humo ndani, asoma kabla lakiri haijafungwa.

Basi twataka nini? Hatuwapigi vita wakuu wetu wa Chama, lakini twawauliza: kwa nini mpaka leo simu za Chama hazifungwi? Msituambie pesa hakuna. WireGuard na OpenVPN hazitozwi ada, na kila fundi aweza kuzikagua. Chama kiweke VPN yake chenyewe, mwisho wake uwe ndani ya ofisi yetu ilipo mashine ya simu. Mashine hiyo nayo iyafunge maneno yenyewe. Na mambo ya siri, kama kura ya mgomo, yazungumzwe kwa njia iliyofungwa kutoka mdomo mpaka sikio, kama Signal, tena katika simu ya mfanyi kazi mwenyewe. Mkipiga kutoka mashine ya Chama kwenda simu ya kawaida, kumbukeni kwamba kipande kile cha mwisho ki wazi.

Hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, na kifungu cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama na ya kugoma. Lakini haki isiyolindwa ni kama reli isiyo na mlinzi: wezi hung'oa vyuma usiku.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi ulizeni neno hili moja: lakiri yetu inakatwa wapi, na nani mwenye koleo?

Umoja ni nguvu.