Nyumba zetu si mapango

Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani, na sasa kazi yangu ni kupiga picha mjini Mbarara. Nataka kusema neno juu ya picha zinazopigwa ndani ya nyumba za Nakivale, maana nyingi zatusingizia.

Mwaka jana mama mmoja, jirani yetu wa zamani pale Base Camp, alimpelekea mwanawe aliyehamia Marekani picha ya sebule yake. Alikuwa amesiriba ukuta upya, akatandika juu ya meza kitambaa alichokishona kwa mkono wake, kisha akakaa mbele ya dirisha. Kijana mmoja akampiga picha kwa simu. Jibu la mwana lilikuwa hili: "Mama, kumbe mnakaa gizani?" Dirisha lilitoka jeupe kama karatasi, na mama akawa kivuli tu. Kitambaa hakikuonekana kabisa. Alihuzunika siku nyingi.

Giza lile halikutoka katika nyumba. Jicho la mtu likitazama dirisha, mboni hufinyika. Likigeukia pembe ya chumba, hupanuka. Nasi twadhani tumeona vyote kwa mara moja. Kamera haina subira hiyo. Hupima nuru ya picha nzima na kutaka, ikichanganywa yote, itoke ya kijivu. Na nuru ya nje wakati wa adhuhuri yaweza kuzidi ile ya chumba chenye dirisha moja dogo mara mamia, hata mara 1,000. Basi dirisha likiingia katika picha, kamera huupunguza weupe wake, na chumba kizima huzama.

Wako wasemao, mtoeni mama nje mkampige juani. Sikubali hata kidogo. Huko nje hakuna meza yake wala ukuta alioupaka. Wengine huwasha taa ya kamera, na uso hung'aa kama sufuria mpya.

Mimi hujiuliza kwanza: picha hii ni ya nini? Kama ni ya mama, basi gusa uso wake juu ya kioo cha simu, kipimo kichukuliwe hapo. Kisha punguza kidogo, asije akatoka mweupe kuliko alivyoumbwa. Dirisha likipotea katika weupe, na lipotee; sote twajua kwamba nje kuna jua. Lakini afadhali zaidi dirisha liwe ubavuni mwake, mlango uwe wazi, na mtu ashike shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe nuru usoni. Udongo mwekundu wa kuta zetu hula nuru sana.

Ukitaka dirisha nalo lionekane, ngoja jua litue, yapata saa moja jioni, uwashe taa ya sola ndani. Kwa dakika chache nuru mbili hizo hulingana. Ila sisi tu karibu na ikweta, na utusitusi wetu haudumu. Ukienda kuazima chaja, umekwisha kuukosa.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na wakimbizi wake wa kwanza walitoka Rwanda. Baadaye wakaja wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na wageni wenye kamera nao wamekuja wengi. Sisemi kwamba hapana shida. Mapaa huvuja, na chumba kimoja hulaza watu wengi. Shida hiyo ipigwe picha kama ilivyo, lakini asituongezee mtu giza tusilokuwa nalo. Nanyi mliopo shuleni, wenye simu, msingoje mgeni aje awapige picha mama zenu.

Mwezi wa nane nilirudi kwa mama yule, na kijana wa kidato cha pili akanishikia shuka. Mwana alipoipata picha aliuliza kitambaa kile kilishonwa lini, na kama aweza kupelekewa kimoja.