Mizani Haitoshi kwa Mgonjwa wa Saratani

Ukienda Kuze kumzuru mgonjwa wa saratani, msomaji, utasikia maneno yale yale. Aliyekonda husemwa, "Huyu kaisha." Mwenye mwili husifiwa, "Mashallah, hana neno huyu." Macho yetu huona mafuta; misuli iliyo chini yake hayaioni. Na mizani nayo haiwezi kutofautisha.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 250 wanene wenye saratani za mapafu na za njia ya chakula. Walichukua picha za CT zilizokwisha kupigwa kwa ajili ya matibabu, wakapima misuli kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Asilimia 15 hivi walikuwa wamepungukiwa mno na misuli ndani ya unene wao, na hao walikufa mapema kuliko wenzao. Tena dawa kali za saratani hukadiriwa kwa urefu na uzito, kwa hiyo mtu wa aina hii huweza kupewa kipimo kinachomlemea.

Basi kama picha imeshapigwa, kwa nini daktari asiulizwe habari ya misuli? Pasipo na CT, kuna utepe wa kupimia mkono, ule ambao kina mama wanaujua kutoka kliniki ya watoto, na kifaa cha kupima nguvu za kiganja. Hata ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale, zilivyo wima, hutoa habari: jana alipanda, leo hawezi.

Ninalolichelea ni jamaa kukigeuza kipimo hiki kuwa hukumu. Kinaeleza mwenendo wa watu wengi. Tarehe ya kufa ya bibi yako hakiitaji. Wala msimgombeze kwa kukataa bakuli la tatu la uji. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba misuli inayoliwa na maradhi haya hairudi yote kwa chakula peke yake. Kumshindilia ni kumtesa.

Faida ya kujua mapema ni kuamua mapema: dawa zipunguzwe au zisimamishwe, maumivu yatulizwe vipi, Coast Hospice waombwe ushauri sasa au baadaye. Mwulizeni na mgonjwa mwenyewe anataka nini, angali ana nguvu za kujibu.