Hata Nchi ya Kubuni Hubishiwa Hodi

Nataka kusema machache juu ya mchezo ambao baadhi yetu wanafunzi twaupenda, wengine hawaujui, na wazee wetu kadhaa wameanza kuutilia shaka. Ni mchezo wa hadithi ambao kwa desturi huchezwa mezani. Sisi twauchezea barazani, lakini mchezo ni ule ule. Nia yangu si kuusifu tu. Khasa nataka kusema jambo moja nililolijua kwa kukosea mwenyewe: kwamba mtu anayetaka kutunga nchi ya kubuni kutokana na mila za watu, yampasa abishe hodi kwa watu hao kwanza.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni hivi. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja huwa msimulizi, naye huweka mbele ya wenziwe nchi ambayo haipo, yenye miji yake, wafalme wake, mapori yake na khatari zake. Kila mmoja wa wale wengine hujifanya mtu fulani katika nchi hiyo: huyu nahodha, yule mganga, yule mwizi aliyetubu. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni, mlango umefungwa, na ndani yasikika sauti ya mtu analia. Mtafanya nini?" Kila mtu hueleza atakalofanya, na pakiwa na shaka kama litafaulu, hutupwa dadu. Dadu mashuhuri ya mchezo huu ina nyuso 20. Kwa kawaida hapana mshindi, na hadithi moja yaweza kuendelea miezi mizima. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na jina lake ni Dungeons & Dragons.

Msomaji ataona mara moja kwamba jambo hili kwetu si geni kabisa. Bibi aliposema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", tulikuwa tumekwisha ingia katika nchi isiyokuwapo. Tofauti ni kwamba kwa bibi tulisikiliza tu, na hapa twaulizwa, "Mtafanya nini?"

Likizo iliyopita ilikuwa zamu yangu kuwa msimulizi. Vitabu tulivyokuwa navyo vyatoka nchi za mbali, na habari zake ni za theluji, ngome na majoka yatemayo moto. Tulikuwa tumechoka na theluji, ambayo hapana hata mmoja wetu aliyepata kuikanyaga. Nikasema, basi nitatunga nchi ya kwetu. Nikachora kisiwa mfano wa Unguja. Nikatia majahazi, mikarafuu, milango ya nakshi yenye vichwa vya shaba, mabuibui na majambia. Na kwa kuwa kila hadithi ya namna hiyo yataka hazina, nikatia na pango lenye mzimu. Tangu utotoni nimesikia khabari za pango kama hilo katika kijiji kimoja cha kusini, ambako watu walikuwa wakipeleka ubani na vitambaa. Nikalifanya ghala la dhahabu, na mwenyewe aliyemo nikamfanya zimwi la kuuawa. Jina la pahali hapo sikulibadili, maana lilinipendeza kwa sauti yake.

Tulicheza vizuri mpaka tulipofika pangoni. Mmoja wetu akatupa dadu, ikaangukia 20, zimwi likafa, tukapiga makelele ya furaha. Mwenzetu mmoja tu hakupiga. Alikunja karatasi yake, akavaa viatu, akasema anaitwa nyumbani. Hakurudi siku ya pili wala ya tatu. Nilipomfuata kumwuliza, alinijibu kwa upole: "Pale ndipo bibi yangu alipowekewa nadhiri alipokuwa mgonjwa. Mimi siendi, wala siyaamini yote yasemwayo. Lakini hamkuniuliza, mkaingia na mapanga."

Sikuwa na jibu. Nilimtaka radhi, naye akanisamehe, kisha akanieleza mambo ambayo sikuyajua. Akasema kwao mtu haingii pale kimya. Hujitaja yeye ni nani na mtoto wa nani. Huvua viatu. Husema lililomleta. Na akitoka hatoki na kitu, hata kokoto moja. Nikarudi nyumbani nikiwaza. Mimi nilikuwa na pango la dhahabu lenye zimwi, ambalo limo katika kila kitabu cha mchezo huu. Yeye alikuwa na pango ambalo mtu hujieleza kabla ya kuingia, na haruhusiwi kuchukua chochote. La nani lilikuwa hadithi bora? Hapana haja ya kutupa dadu.

Basi nikaona kosa langu lilikuwa mara mbili. La kwanza ni la adabu: nilichukua cha watu bila ya rukhsa. La pili ni la utungaji, na haya mawili ni ndugu. Kisiwa changu kilikuwa nguo tupu. Chini ya yale mabuibui na majambia walikuwamo watu wale wale wa kwenye theluji, wenye kuwaza na kutenda kama vilivyowafundisha vitabu vile.

Nitatoa mfano wa bahari. Katika mchezo wangu majahazi yalikwenda popote siku yoyote. Lakini pwani yetu haikujengwa hivyo. Kwa karne nyingi vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa upepo alikaa miezi akiungojea. Katika kungojea huko watu waliposa, walikopeshana, walijifunza lugha, waligombana na kupatana. Ukiitunga nchi ambayo upepo ndiye mwenye amri, na mchezaji ana deni Maskati na kusi imekwisha katika, hapo umepata khatari kubwa kuliko joka, na ni ya kwetu.

Au tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao huwa mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mikongojo ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na chuki za mwaka mzima hutakiwa ziishie pale. Katika vitabu vya mchezo huu vita humalizika kwa kuua. Hapa pana vita ambavyo kazi yake ni kumaliza ugomvi, na baada yake watu hula pamoja. Tena nenda Dunga, yalipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Alama za utawala wao zilikuwa siwa na ngoma, na wazee wamesimulia kwamba ngoma hizo zilikuwa zikilia zenyewe pakitaka kuzuka jambo. Ufalme ambao ngoma yake humwonya mfalme bila ya kupigwa! Nani angehitaji kuazima taji la Ulaya?

Kosa langu si langu peke yangu. Mwaka 1992 ilitoka Marekani nchi ya mchezo iitwayo Al-Qadim, iliyotungwa na Jeff Grubb kwa kufuata mfano wa Alfu Lela u Lela. Mwaka 2002 kikatoka kitabu kiitwacho Nyambe, cha Christopher Dolunt, ambacho kilitaka kulitia bara zima la Afrika katika nchi moja ya kubuni. Siwatuhumu nia mbaya. Walichoka na theluji kama sisi, na kitabu cha pili kilitungwa khasa ili Afrika isiwe pori tupu la kupita mashujaa wa kigeni. Lakini bara zima halienei ndani ya kikapu kimoja. Kampuni nyingine, iitwayo Paizo, ilikuwa na nchi kubwa ya misitu katika mchezo wake, ikaipa jina la Mwangi. Kila aliyefika Kenya ajua kwamba Mwangi ni jina la mwanamume wa Kikikuyu. Ni kama sisi tutunge bara la Ulaya tuliite Nchi ya Robert. Hata hivyo mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa kitabu kizima juu ya nchi hiyo, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo watu wa asili ya Kiafrika, wakaipa miji, lugha na watu wanaotofautiana. Maana yake ni kwamba aliyekosea aweza kurudi mlangoni akabisha hodi.

Lakini sioni sababu ya kungojea wageni watutungie, maana wazee wetu walikwisha tuonyesha njia. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alipiga chapa London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini aliyekuwa akipekua jaani amnunua paa. Paa yule amtafutia mke wa kifalme, na amwua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba ya fahari. Paa akiugua, bwana amdharau, naye afa. Kulipokucha yule mtu ajikuta yuko jaani tena. Nyoka wa vichwa saba ni pambo. Kinachoishika nchi ile isimame ni sheria yake: asiye na shukrani hurejea alikotoka.

Shaaban Robert naye alifanya hivyo hivyo. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, alitunga nchi iliyo angani. Hakutuchosha kwa kutueleza mawingu. Alitupa sheria moja: wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta mambo mema ya kuifaa nchi, kila aliyerudi nayo alitiwa kifungoni. Msomaji akiijua sheria hiyo, ameijua nchi. Na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliazima umbo la hadithi za upelelezi za Kiingereza, akamtoa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, kikapigwa chapa 1960. Umbo lilikuwa la wageni, lakini mazungumzo, heshima na fitina zilikuwa za hapa. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima chombo cha jirani na kukipakulia chakula cha jirani vile vile, kisha ukasema umepika.

Huenda mtu akasema, "Kama kila kitu chataka rukhsa, basi hatutatunga kitu." Nami najibu kwamba hodi haimzuii mtu kuingia, ndiyo inayomwingiza. Baada ya kuuliza nilipata mambo mengi zaidi ya yale niliyoyaiba. Na pahali pa ibada au pa nadhiri za watu, badilisha jina, badilisha umbo, wala usipafanye pa kuchinjia mazimwi. Mwenye pahali pake akikataa kabisa, acha. Kisiwa hiki hakikuishiwa na hadithi.

Wazazi wengine husema mchezo huu waita mashetani. Sipendi kuwadharau, maana hofu ya mzazi ni mapenzi. Nawaomba waje waketi nasi barazani saa moja baada ya alasiri, wasikie. Watasikia watoto wakibishana kama nahodha alipe deni au akimbie. Nao wakiona tumevuka mpaka, watuambie, nasi tutasikia. Walimu husema twapoteza wakati wa masomo, na hilo kwa wengine wetu ni kweli. Wiki za mtihani dadu zikae kabatini.

Lakini kuna upotevu mwingine ninaouogopa zaidi. Wanaojua pango lipi huingiwa vipi, upepo upi huitwaje, na ngoma ipi ilikuwa ya nani, ni wazee, nao wanapungua kila mwaka. Sisi tumekaa na vitabu vya nchi za kubuni za watu wengine, na nyumba ya pili pana bibi ambaye hajaulizwa kitu. Kwa hiyo natoa shauri. Likizo hii kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja jambo moja: hadithi, mwiko, au jina la pahali na sababu yake. Amwombe rukhsa ya kuliandika. Aandike na jina la kijiji, kama mwenyewe amekubali, na tuyaweke maandishi hayo katika maktaba ya skuli. Atakayetaka kutunga nchi ya mchezo, hadithi au mchezo wa jukwaani, ayakute hapo.

Mwenzangu yule amerudi barazani, na sasa yeye ndiye msimulizi. Pango limo tena katika hadithi, kwa jina jingine alilolichagua yeye, na bibi yake amelijua akacheka. Mlangoni hapana zimwi. Pana sauti inayouliza, "Nani wewe, na mtoto wa nani, na umekuja kwa lipi?" Tumekwisha keti siku tatu, na wachezaji wanne bado wanashauriana la kujibu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu